Sura ya Tano: Mahali Pakavu

Sajini Jeconia Oduor akikasirika hapigi kelele. Hunyamaza, akavua kofia, akaiweka mezani polepole, na makonstebo wanaomjua hupata kazi ya ghafla huko nje. Asubuhi hiyo kofia ilikuwa mezani tangu mapema, na kituo kizima cha polisi cha Voi kilikuwa kimya kama watu wamehama.

Juu ya meza hiyo hiyo palikuwa na fuvu la kichwa cha mtu, limekalishwa kwenye gunia la mkonge. Mbele ya meza alisimama kijana Silvanus Mwambingu, pingu mikononi, shati lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Alikuwa amelivaa kwa ajili ya safari. Jioni hiyo alitakiwa apande gari la moshi kwenda Nairobi, kuingia kile chuo kikuu kipya ambacho kila mwalimu nchini alikuwa akikitaja. Kutoka milima yote ya Taita alikuwa amechaguliwa mmoja tu mwaka huo, na ndiye yeye. Masomo yanaanza Jumatatu. Asiyefika Jumatatu, nafasi yake inapewa aliyemfuata.

"Sema tena," Oduor alimwambia.

"Afande, nimesema mara ngapi? Sikujua kama kimo humo. Mama alifunga sanduku, likaletwa stesheni, likalala stoo. Leo nakuja kulichukua, namkuta Inspekta analifungua."

"Watu wanasema chuo kinanunua mifupa. Ya kufundishia madaktari."

"Madaktari wanasomea Uganda, afande!" Kijana alisahau pingu, akataka kunyoosha mkono. "Mimi naenda kusomea uinjinia. Injinia atafanya nini na kichwa cha babu yake? Atakijengea daraja?"

Oduor hakucheka, lakini jibu hilo alilihifadhi. Mwizi wa mifupa angekuwa na hadithi ndefu zaidi. Huyu alikuwa na hasira tu, tena hasira ya mtu aliyeonewa, na Oduor aliijua kwa kuwa ameiona kwa wengi waliopita mbele ya meza ile.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Inspekta Pringle, mkubwa wa kituo, aliingia akiuma kiko chake. Miaka yote aliyokaa nchini, Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha watu wa shamba.

"Sajini, kesi hii kwisha. Kichwa naonekana, mwizi naonekana. Mimi nakwisha peleka simu Nairobi, ambia chuo huyu boi hapana kuja."

Oduor alisimama. "Umeshapeleka, bwana? Sijamaliza kuuliza."

"Uliza nini? Sanduku yake, kichwa ndani. Kwisha!"

"Mahali kichwa kilipotoka hakuna aliyekwenda kupaona."

"Wewe nataka panda mlima, angalia mawe?" Pringle alicheka hadi kiko kikamtoka mdomoni. "Haya, nenda. Jioni mimi nataka karatasi yote tayari."

Damu ilimpanda Oduor mpaka masikioni. Simu ya maandishi ilikuwa imekwenda! Mtoto wa watu amesoma kwa taa ya koroboi tangu utotoni, na mtu mmoja mwenye kiko anamfutia jina kabla hata ya kumaliza chai yake. Alichukua kofia, akatoka bila kupiga saluti.

Nje, chini ya ukuta, alikuwa ameketi mama yake Silvanus, Wakesho, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana. Alikuwa ameshuka kutoka mlima wa Sagalla kwa miguu aliposikia habari.

"Mama Silvanus," Oduor alisema, "panda Landrova. Unanionyesha pango la ukoo wenu."

"Nitakuonyesha njia, baba. Mimi mwanamke, pale juu sifiki."

Njiani alimuuliza yanayohusu sanduku, na mama alijibu bila kumung'unya maneno. Vitu alivipanga yeye mwenyewe: vitabu chini, nguo juu, na mahindi ya kuchoma ya kula njiani. Kufuli halikuwepo, alilifunga kwa kamba. Halafu shemeji yake, Mzee Phineas, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, akajitolea kuliteremsha kwa punda wake mpaka stesheni.

"Phineas huyu mzee wa kanisa?" Oduor aliuliza. "Ndiye aliyetuletea habari asubuhi."

"Ndiye huyo. Ametusaidia sana tangu tulipofiwa," mama alisema, kisha akamgeukia. "Yaani ni yeye aliyekuja kumshtaki mtoto?"

"Alisema anaona aibu, lakini dhamiri imemsukuma."

Wakesho aligeuka akatazama dirishani. Landrova ikafika mwisho wa barabara.

Walipanda kwa miguu katikati ya vishamba vilivyokauka. Mvua ilikuwa imewakwepa watu wa Sagalla msimu huo, na akina mama walikuwa wakipishana nao wakitafuta maji mabondeni. Oduor, mtu wa kutoka nchi ya ziwa, alikuwa Voi kwa muda wa kutosha kujua desturi ya pale, ingawa kwao haipo. Zamani mzee wa Sagalla akifa huzikwa, na baadaye kichwa chake hufukuliwa, kikawekwa pangoni pamoja na wazee wenzake wa ukoo. Pale ndipo watoto wake huja kumweleza shida zao. Waliobatizwa wameiacha desturi hiyo. Wengine wameiacha siku za Jumapili tu.

Penye mwamba mkubwa Wakesho alisimama. "Pinda hapo kulia. Uvue kofia. Usiguse."

Oduor alipinda, akavua kofia, akainama chini ya mwamba.

Vichwa vilikuwa vimepangwa juu ya jiwe bapa kama wazee walioketi barazani, nyuso nje. Katikati palikuwa na pengo. Kwanza aliangalia chini akitafuta nyayo, lakini pale ni mwamba mtupu. Kisha pua yake ikanasa harufu, ya uchachu, ya pombe ya miwa. Loo! Akafikiria walevi. Makambi ya mkonge kule chini yalikuwa na vijana ambao mshahara ukiingia wanapotea milimani na vibuyu, na mlevi anaweza kuiba chochote, hata kichwa, kwa mzaha. Kama ni hivyo, kazi imekuwa kubwa, maana makambi yana watu kama siafu.

Lakini mlevi huacha uchafu. Hapakuwa na kibuyu kilichovunjika, wala moto, wala mahali pombe ilipomwagika ikatengeneza dimbwi. Oduor akasogea karibu zaidi na kuona sisimizi. Walikuwa wametanda juu ya jiwe, juu ya ukuta wa nyuma, hata kwenye paji la uso la kichwa cha kushoto na cha kulia, wakiramba vitone vidogo vidogo vyenye kunata. Vitone vilitawanyika kote, kama pombe imerushwa kwa ufagio. Kote, isipokuwa pale kwenye pengo. Pale jiwe lilikuwa safi, duara kavu la ukubwa wa kichwa, na ukutani nyuma yake pia palikuwa pakavu. Hakuna sisimizi hata mmoja aliyepaangalia.

Alikaa pale akipatazama, goti moja chini, mpaka mguu ukafa ganzi. Kisha akarudi kwa mama.

"Kuna mtu amerusha pombe mle ndani, mama. Walevi, nilidhani."

"Amerusha vipi? Amemwaga?"

"Hapana. Vitone vidogo, kila mahali."

Wakesho alishika kiuno. "Huyo si mlevi. Huyo ametasa."

"Ametasa nini?"

"Ni kutasa, baba! Mtu akiwa na hasira na ndugu yake, hawezi kumwendea mzee wake hivi hivi. Anatia pombe kinywani, kama hana pombe hata maji, anaipuliza nje, pwaa! Hasira inatoka nayo. Ndipo anasema neno lake. Usipotoa hasira yako kwanza, inakurudia wewe na watoto wako. Hata sisi wa kanisa tunalijua hilo, tusidanganyane."

"Na nani anaweza kumtasia babu yake Silvanus, Mzee Mwambingu, pale?"

"Mwanawe."

"Alikuwa na wana wangapi?"

"Wawili. Mmoja nilimzika mimi."

Maneno hayo yalipomtoka ndipo mwenyewe alipoyasikia. Oduor aliona uso wake ukibadilika. Mama aliokota jiwe, akalitupa bondeni kwa nguvu zake zote, akaokota lingine akalitupa pia.

"Phineas!" alisema. "Kila Jumapili anasimama mbele yetu anatuambia pangoni ni kwa shetani, tangu abatizwe hajakanyaga huko! Na mbuzi wa kumuaga mtoto tulimla pamoja, Sajini. Alimbariki kwa mkono wake!"

"Katika majina ya waliotaka chuo, aliyemfuata Silvanus ni nani?"

"Donald. Donald wa Phineas."

"Basi tushuke," Oduor alisema. "Lakini ufunge mdomo wako, mama. Haya yote nataka ayaseme yeye."

Mzee Phineas aliletwa kituoni mchana, amevaa koti zito juani, Biblia kwapani. Alipoona fuvu bado liko mezani alisita mlangoni, kisha akakaa, kiti amekisogeza nyuma kidogo. Oduor alimwagizia chai. Aliuliza habari za mvua, za kanisa, za punda. Mzee alilainika.

"Ni aibu kubwa, Sajini. Mtoto niliyemlea. Lakini dhambi ni dhambi."

"Kweli kabisa. Kuna kitu kidogo tu cha kumalizia, mzee, maana Inspekta anataka karatasi. Asubuhi ulipokuja hapa ulisema hivi: ndani ya sanduku la Silvanus kuna kichwa cha baba yangu. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Sanduku lilikuwa bado limefungwa. Hata Inspekta hajakata kamba. Pangoni kuna vichwa vingi. Ulijuaje ni cha baba yako?"

Phineas aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Nilisikia fununu kwamba kijana anataka kupeleka kichwa Nairobi. Nikaenda kuhakikisha."

"Wapi?"

"Pangoni."

"Wewe? Kila Jumapili unawaambia watu hujakanyaga huko tangu ubatizwe!"

"Nilikwenda jana asubuhi," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Mara moja tu. Ni baba yangu, Sajini. Nikakuta mahali pake ni patupu."

"Pole sana. Lazima uliumia."

"Niliumia sana."

"Kwa hiyo hukumfanyia chochote mzee? Uliondoka tu?"

Phineas alitazama mlango, akatazama Biblia. Alikuwa anajua kwamba Sajini ametoka mlimani, maana vumbi jekundu la Sagalla lilikuwa bado kwenye viatu vyake. Akachagua njia iliyoonekana salama.

"Nilitasa," alisema. "Mungu anisamehe. Nilikuwa na pombe kidogo ya miwa. Nilikasirika na aliyeiba, nikatoa hasira yangu, kama tulivyofundishwa na wazee. Ndiyo pombe uliyoikuta."

"Na ulipotasa, mahali pa baba yako palikuwa patupu tayari?"

"Patupu kabisa."

"Una hakika, mzee? Usije ukasahau."

"Naapa!"

Oduor alisogeza kikombe cha chai pembeni. Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Nimekaa pale juu nikiwahesabia sisimizi kazi yao," alisema polepole. "Wako kwenye jiwe. Wako ukutani. Wako kwenye uso wa mzee wa kushoto na wa kulia. Mahali pamoja tu hawapo, hapo ambapo baba yako alikuwa amekaa. Pale ni pakavu, Mzee Phineas. Duara kavu kabisa, na ukuta nyuma yake mkavu. Kama mahali palikuwa patupu ulipopuliza, pombe iliruka ikapakwepa kwa adabu? Pombe ina macho?"

Mzee aliibana Biblia kifuani.

"Hukukuta patupu. Baba yako alikuwa amekaa pale akikutazama. Ukampulizia pombe usoni, ukamwomba radhi, halafu ukamnyanyua ukamtia kwenye gunia." Sauti ya Oduor sasa ilikuwa imepanda, na nje konstebo mmoja aliacha kufagia. "Njiani na punda ukamfungia sandukuni mwa mtoto wa ndugu yako, chini ya mahindi ya kuchoma ya mama yake! Kisha ukaja hapa kunilia machozi ya dhamiri!"

Phineas alitazama fuvu. Alitikisika mabega, na Oduor akadhani analia, lakini uso ulipoinuka ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Na wangu je?" alifoka. "Ndugu yangu alipewa shamba la bondeni lenye maji, mimi nikapewa mawe. Nikanyamaza. Akaoa mchapakazi. Nikanyamaza. Amekufa, nikawalea watoto wake. Halafu chuo kinataka mmoja tu, na huyo mmoja atoke kwake tena? Donald alipungukiwa kidogo sana! Mwalimu mwenyewe alisema!"

"Kwa hiyo ukaiba."

"Sikumwendea baba na hasira. Niliitoa kwanza."

"Uliitoa, ndiyo. Ukaitia ndani ya sanduku la mtoto."

Mzee alipangusa mdomo kwa mkono wa koti. Alipotulia, alitabasamu kidogo, na tabasamu hilo ndilo lililomchefua Oduor kuliko yote.

"Haidhuru, Sajini. Nifunge. Simu ilikwenda asubuhi, nilikuwepo ikiandikwa. Donald ndiye atakayekwenda Nairobi."

Oduor alimkabidhi kwa konstebo, akamfungua Silvanus pingu kwa mkono wake, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Pringle. Alieleza yote, kutoka kwenye sisimizi mpaka kwenye Donald. Pringle alisikiliza huku akisafisha kiko kwa njiti.

"Kazi mzuri," alisema. "Mzee naingia ndani. Boi naenda nyumbani."

"Haendi nyumbani, bwana. Anakwenda chuoni. Naomba upeleke simu nyingine kabla gari halijaja."

"Nyingine? Asubuhi mimi nasema mwizi, jioni mimi nasema hapana mwizi? Nairobi nacheka mimi!" Pringle alipuliza kiko kuona kama kimezibuka. "Chuo nataka Taita moja. Taita moja nakwenda. Huyu, yule mwingine, wewe naona tofauti gani?"

Oduor alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine ya Kijaluo ambayo hayana tafsiri ya heshima. Alipiga saluti, akatoka.

Gari la jioni lilikuwa limeshaingia stesheni, moshi umetanda mpaka kwenye mapaa ya maduka. Silvanus alisimama jukwaani na sanduku lake lililofungwa kamba upya. Mama yake alikuwa amemshika shati kwa nyuma, vidole vimekaza kana kwamba anaogopa mtu atamnyakua tena.

"Panda," Oduor alimwambia.

"Afande, watanirudisha getini. Wameshaambiwa mimi ni mwizi."

"Nimesema panda."

"Nikirudishwa je? Nauli ya pili hatuna."

"Mtoto, unataka mzee yule ashinde akiwa ndani? Panda!"

Wakesho aliachia shati. Alimsukuma mwanawe mgongoni kwa mikono miwili, kwa nguvu, naye kijana akapanda behewa huku akijikwaa. Hawakuagana zaidi ya hapo. Filimbi ikalia, gari likavuta, na mama akabaki akilitazama, machozi yanamtoka na meno ameyauma.

Oduor hakungoja mkia wa gari upite. Aliingia ofisi ya karani wa simu. Kimeu, Mkamba wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa anataka kufunga dirisha.

"Fungua, Kimeu. Nairobi, chuoni. Andika: Silvanus Mwambingu hana hatia. Mwizi amekamatwa na amekiri. Kijana yuko njiani, mpokeeni."

Kimeu aliandika, akasimama kalamu hewani. "Ya asubuhi ilikuwa na jina la Inspekta. Hii ameitia sahihi?"

"Hajatia."

"Amejua?"

"Amejua. Amekataa."

Karani alivua miwani. "Sajini, simu ya polisi haiendi bila jina la mkubwa. Chuo watauliza, watampigia Inspekta, na kesho wewe huna kazi. Una watoto wewe."

"Na huyu ana mama. Weka jina langu."

"Watakuvua alama zote hizo begani."

"Weka Sajini Oduor, Voi. Sijasema uweke jina la mtu mwingine. Na uigonge sasa hivi, kabla gari halijafika stesheni ya Mtito."

Kimeu alimtazama, akatazama karatasi, akanong'ona kitu kwa Kikamba. Kisha akavuta kiti, akaandika jina, akaanza kugonga.